Nipo Maskati, nyanya zinachanua halafu maua yote yanapukutika, nakosea wapi?

bint_mtoni:

Asalaam alaykum wadau wa bustani. Naombeni mnisaidie maana nshachoka na pesa nshatia nyingi. Mimi ni wa Unguja, nimehamia huku Seeb, kitongoji cha Maskati, mwezi wa pili kumfata mume, nyumba tuliyopanga ina kiwanja cha nyuma kidogo kama hatua 10 kwa 6 hivi, kimezungukwa na ukuta mrefu pande zote. Nyumbani mama yangu ana bustani ya mboga na nimekulia humo humo, sijioni mgeni wa jembe. Basi mwisho wa mwezi wa tano nkapanda nyanya, miche 12 ya kununua, na kotmiri, mchicha na bamia. Manake kwetu masika ikishapita ndo unatia nyanya, mwezi wa sita wa saba kipupwe, kunapoa, zinazaa bila taabu.

Huku sasa kotmiri haikutoka hata mbegu moja. Nyanya zimekua, zikatia majani, zikachanua mpaka nkampigia mama kwa video akaziona akafurahi, halafu maua yakaanza kukauka kwenye kikonyo na kuanguka, kila asubuhi nayaokota chini kama asumini. Tunda hata moja! Majani yamejikunja kwa juu na pembeni yameungua kama yaliopitishwa moto. Namwagilia mara 3 kwa siku, asubuhi, nikishaswali adhuhuri, na jioni. Mbolea ya chenga nimetia mara 2. Udongo juu umefanya ukoko mweupe nkadhani ndo mbolea imezidi kuonekana, sijui. Bamia na mchicha zipo zinajitahidi.

Mume wangu ananicheka, anasema nyanya dukani bei ya bure we wahangaika nini. Nataka kujua tu ni mdudu, ni udongo, au nimeuziwa miche mibovu? Au huku nyanya hazioti kabisa, za sokoni zatoka wapi basi?

Mzee_wa_Barka:

Waalaykum salaam mwanangu, karibu Oman. Kwanza hiyo mbolea iwache leo hii. Pili tuliza moyo, miche yako mizima na mdudu hausiki, ila umeipandia mwezi ambao hata sisi wenye mashamba tunafunga geti tukalale.

Nyanya ina tabia yake. Mchana ukipita nyuzi 35 hivi na usiku nao ukakataa kushuka chini ya 24, unga wa ua unaharibika, ua halishiki, na mmea wenyewe ukiona ua halina kitu ndani unalitupa. Sasa wewe hesabu, Maskati mwezi wa sita mchana 40 na zaidi, usiku uko 30 na kitu, ua gani litashika? Mwaka 2018 hapo Qurayyat, mji wa pwani mkoa huu huu wa Maskati, kulipita siku moja mwezi wa Juni masaa 24 joto halikushuka chini ya 42.6, usiku na mchana, mpaka dunia nzima wakaiandika. Mtu mzima analala na AC mbili, nyanya iko nje imesimama.

Kosa lako ni kalenda tu mwanangu, na mimi nilifanya lilo hilo nilipokuja kijana kutoka Wete miaka ya 70 nikidhani najua kulima kuliko wenyeji. Kule kwetu kipupwe ni Juni, Julai. Huku geuza kama unavyogeuza mkeka. Kipupwe cha huku ni Disemba na Januari, mchana 25, usiku 17 au 18, kibaridi cha kutafuta shali, na huo ndio wakati bustani inacheka. Mbegu za nyanya unazisia kwenye trei mwisho wa mwezi wa nane au mwanzo wa tisa, ndani au kivulini, mwezi wa kumi unahamishia nje, Disemba unaanza kuchuma na unachuma mpaka mwezi wa nne. Kotmiri, karoti, saladi, kabichi na kitunguu usivitie nje kabla ya Novemba, kotmiri hasa mbegu yake ikikuta udongo wa moto hailii wala haicheki, inakaa kimya humo humo mpaka inaoza.

Na huo ukoko mweupe ni chumvi. Ya mbolea ipo humo, na ya maji ipo na ya udongo wenyewe ipo. Unamwagia kidogo kidogo mara tatu, maji yanaishia juu vidole viwili, jua linayanyonya, chumvi inabaki, kesho tena, keshokutwa tena. Ndio majani yanaungua pembeni. Mwagilia mara moja lakini maji yashuke haswa, yapite chini ya mizizi yaende na chumvi yake. Sisi wa Batina, ukanda huu wa pwani wenye Barka yetu, chumvi tunaijua, visima vya karibu na pwani watu wamevuta maji mpaka bahari ikaingia chini kwa chini, mashamba mengine yamebaki vigogo vya mitende tu. Wewe hapo Seeb maji ya bomba ni ya bahari iliyotolewa chumvi, una bahati, wacha kuyaharibu na mbolea ya chenga.

Ushauri wangu hizo nyanya zing'oe. Ardhi ilowanishe vizuri, ifunike na nailoni nyeupe ya kupitisha mwanga, kingo uzifukie na mchanga, iwache wiki 5 au 6 kwenye jua hili la Julai na Agosti. Udongo utapikika humo, mbegu za magugu zife na vile vijidudu vya kuvimbisha mizizi vife. Jua umeshapewa bure, litumie kama jiko. Mwezi wa tisa ndio utie samadi ya mbuzi iliyooza (iliyooza nasema, mbichi inaunguza) na uanze upya.

mama_wa_Khoud:

Mzee wangu shikamoo, maneno yako yote nakubali ila hapo kwenye kulaza bustani miezi mitatu mimi hunipati 😂 bamia na mchicha umesikia zipo hai, kwa nini azing'oe? Bibie usimsikilize, funika nusu, nusu iliyobaki ule.

Mimi nipo huku mwaka wa 14 na kiangazi sijanunua mchicha. Mchicha wenyewe unapenda jua, mtu wa shamba akakwambia huo ni mmea wa joto, ukiupa maji unakimbia, wiki 3 unakata unaota tena. Bamia hivo hivo. Matembele ndo usiseme, chukua kikonyo chochote chomeka, yanatambaa yanafunika udongo na wenyewe unabaki baridi. Kunde kwa majani yake. Mlonge, ukiuacha mwaka mmoja unapita ukuta. Rehani wapo kila nyumba huku hata asiejua kulima anao. Biringani na pilipili zikifika mwezi wa sita hazizai lakini usizing'oe, zikate theluthi ya juu, zitie kivulini, zinakaa hivo zimenuna mpaka mwezi wa kumi halafu zinazaa kuliko mwanzo. Pilipili yangu moja ina miaka 4.

Sasa nikuulize, hayo maji ya adhuhuri ulikuwa unatoa bomba gani? Manake huku kiangazi kila kitu kimegeuka hata bomba. Tangi liko juu ya paa, jua linalichemsha kutwa, ukifungua bomba la baridi saa saba mchana linakutoa ngozi. Wenyewe tukifika mwezi wa tano tunazima hita, maji ya hita yanakaa ndani ya nyumba yanapoa, basi la moto ndo linakuwa la baridi na la baridi ndo la moto, mgeni akija lazima umfundishe kabla hajaingia kuoga. Na ule mpira uliolala uwanjani una maji yaliokaa humo tangu asubuhi, yale ya kwanza ni ya chai kabisa. Ndugu yangu ulikuwa unazitia nyanya supuni zikiwa bado shambani. Mwagilia alfajiri, ukimaliza kuswali tu, maji ya tangi yameshapoa usiku kucha, na mpira uuwache utoe maji ya mwanzo kwanza pembeni.

Kingine cha bure, maji ya AC. Ule mrija unaodondoka nje ya ukuta weka ndoo chini. Huku pwani Julai hewa nzito, ya chumba chetu kimoja inajaa ndoo ya lita 20 kabla ya magharibi. Hayana chumvi, ni kama mvua (mvua yenyewe Maskati kwa mwaka mzima ni kama milimita 100 tu, we wa Unguja hiyo kwenu ni ya wiki moja ya masika). Vyungu vyangu vyote vinakunywa hayo. Usinywe wewe tu.

mbeba_jembe:

Mimi nimekuja kucheka na "nyanya supuni" naondoka zangu. Dada pole, mwaka jana nilipanda spinachi mwezi wa saba Doha, sisemi kilichotokea.

fundi_wa_neti:

Habarini wakuu. Kazi yangu kufunga neti na mabomba ya matone huku Maskati kwa hiyo naongezea ya upande wangu. Dada ukuta mrefu pande zote ni tanuri, unanyonya joto mchana unalitema usiku, ndo maana majani yanaweza kuungua hata yakiwa hayapati jua moja kwa moja. Ukuta unaopokea jua la alasiri usiweke chungu hata kimoja karibu yake kiangazi. Na vyungu vyeusi vya plastiki tupa au vizungushie gunia, mizizi inapikika, udongo au saruji nene ni bora.

Halafu watu wanajichanganya na kivuli. Juni hapa adhuhuri jua liko utosini, tupo karibu kabisa na ule mstari ambao jua linafika juu yake, kwa hiyo ukuta haukupi kivuli chochote mchana, lazima upate cha juu. Neti ya kuzuia nusu ya mwanga inatosha kwa mboga, ile nzito ya kuegeshea magari usiweke, mmea unarefuka kutafuta mwanga. Isilale juu ya majani, ipandishe mita 2 na zaidi na pembeni iwache wazi upepo upite, nimeitwa sehemu nyingi watu wamefunga neti mpaka chini wamejitengenezea sauna. Disemba sasa jua linahamia kusini, ukuta wa mita 2 upande wa kusini unatupa kivuli cha mita 2 na kitu saa sita mchana, na asubuhi na jioni zaidi ya hapo. Nyanya zikiwa chini ya huo ukuta hazitaona jua baridi nzima. Kwa hiyo vitalu vya mwezi wa kumi vipeleke upande wa kaskazini wa kiwanja, vipate jua, na neti uifungue uikunje mpaka mwezi wa nne. Kiwanja cha hatua 10 kwa 6 hicho ni cha kupangia vizuri tu.

Na usiwe unatoka mchana kumwagilia. Sisi wenyewe sheria imetukataza kazi ya juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu Juni mpaka Agosti, wewe unatoka kwa hiari yako!

mwana_bukavu:

Salama wote. Mimi niko mbali, niko Phoenix, Arizona, lakini nasoma hapa naona kama mnazungumza kwetu. Mwaka 2023 tulipata siku 31 mfululizo zimefika nyuzi 43 na kupita. Tofauti ni kwamba sisi hewa ni kavu, midomo inapasuka, nyinyi mnatoka jasho. Na baridi yetu ina usiku mmoja mmoja wa barafu Disemba na Januari, tunafunika miti ya malimao na mashuka, majirani wanafikiri ni mizimu.

Kwa sababu ya hiyo barafu nyanya sisi tunaweka nje kati ya Februari mwisho na Machi mwanzo, ni mbio na joto, ukichelewa wiki tatu umekosa. Tunachagua zile ndogondogo, zinaiva haraka na zinavumilia joto kidogo kuliko zile kubwa. Dada wa Seeb kama hamna barafu kabisa basi una nafasi kubwa kuliko sisi, anza mwezi wa kumi kama mzee alivyosema, lakini na wewe anza na ndogo.

Wakati wa joto Wakongo na Warundi wote hapa wanalima kitu kile kile mama wa Khoud amesema, lengalenga (ndio mchicha wenu), matembele, bamia. Sombe (kisamvu) inafanya vizuri pia ukiiwekea maji, tatizo ni kupata vijiti vyake, mtu akikuletea kijiti cha muhogo hapa ni zawadi kuliko simu. Ardhi yetu chini ina jiwe jeupe gumu kama saruji, shimo moja la mti nilichimba siku mbili na nikavunja mpini. Nyinyi mna mchanga, shukuruni.

Kitu kimoja nilichojifunza kwa kuumia, funika udongo. Majani makavu, nyasi, makaratasi ya maboksi, chochote, unene wa kiganja. Nilipima kwa mkono tu, udongo wa wazi huwezi kugusa, wa chini ya majani unagusa.

Mzee_wa_Barka:

Ahsante mwana Bukavu, hilo la kufunika nimelisahau na ndilo la kwanza. Huku makuti ya mtende yamejaa, kata kata utandaze. Usitie ya mti wenye ugonjwa.

Mama wa Khoud marahaba, haya nimekubali, nusu afunike nailoni nusu ale. Lakini ninyi wa mjini mnalima vyungu mnasema mnalima. Nilikuwa na midimu 40 mimi hapa Barka, miaka ya 80 ikaingia ule ugonjwa unaofanya matawi kama fagio, Batina yote ilipita, nikang'oa mmoja mmoja kwa mkono wangu. Ardhi iliyochoka inazaa magonjwa, ndio nikasema ilale. Wenyeji hiki ndicho kipindi chao cha kaidhi, yaani joto kali la kuvuna tende, watu wamo kwenye tende, mboga hakuna anaezungumza habari yake mpaka joto livunjike.

dada_salalah:

Nawasoma nikiwa kibarazani, mvua ya manyunyu, nyuzi 25, mnazi mbele yangu na papai linaiva. Poleni jamani 😁

mama_wa_Khoud:

Wewe wa Salala tunakujua, msimu wa kharifu (manyunyu yenu ya kiangazi huko kusini) ndo unapatikana mtandaoni, Oktoba hukuoni. Kaa na ukungu wako.

bint_mtoni:

Jamani nashukuru nyote, Mzee shikamoo, mama shikamoo. Nimecheka na nimeona aibu, hilo la bomba ni kweli kabisa, nilikuwa natoa la nje la moja kwa moja kutoka kwenye tangi na mpira umelala juani, leo nimetia mkono kwenye maji ya saa saba nkautoa mbio. Miche 12 masikini.

Nyanya nimeng'oa 10, mbili nimeziacha nimezikata fupi nimeziweka kivulini kwa ubishi tu. Nusu ya kiwanja kina nailoni, mume ndo alofukia kingo, anasema sasa tunapika mchanga hajapata kuona. Ndoo ya AC imejaa jana saa kumi na moja, nkamwita aje aangalie. Swali moja limebaki, matembele na vijiti vya muhogo napata wapi? Sokoni huku naona viazi vyenyewe tu na muhogo wa kwenye barafu.

Mzee_wa_Barka:

Kiazi kitamu cha sokoni kiweke nusu ndani ya bilauri ya maji dirishani, wiki mbili kitatoa vikonyo, hivyo ndivyo matembele. Muhogo ninao, mbegu ya Pemba, umeshazoea chumvi ya hapa. Subiri joto livunjike, mwezi wa tisa mwishoni, niandikie faragha mje na mumeo Ijumaa nikukatie. Mje na gunia.

bint_mtoni:

Salaam tena, ni mimi, leo tarehe 20 mwezi wa 11. Nimerudi kwa sababu mtu kaniuliza kwa ujumbe ikawaje. Muhogo niliopewa na Mzee umeshika vijiti 9 kati ya 10. Nyanya mpya ndogondogo nilizisia chumbani mwisho wa mwezi wa nane, zikatoka nje Oktoba, nimehesabu leo asubuhi vishada 4 vina vitunda kama punje za mbaazi na maua hayaanguki. Ile miwili ya ubishi mmoja ulikufa, mmoja umechipua lakini umejaa inzi weupe nkautoa. Kotmiri imetoka, tena nyingi nimeifanya kama majani ya ng'ombe, nimegawa kwa jirani wa kulia na wa kushoto. Fundi, upande wa kusini ni kweli kivuli kinafika mpaka katikati ya kiwanja, nimeweka viti huko.

Mama wa Khoud, nina na pilipili moja niliikata kama ulivyosema, niikate tena au niiache? Imeanza kuchanua.

mama_wa_Khoud:

Usiiguse! Mkasi kaufiche mpaka mwezi wa sita.